Aliyeuliza Mpaka wa Umri Ulitoka Wapi

Tarehe thelathini mwezi huu, mtafiti wetu mkuu wa saratani za damu atavua koti jeupe alilolivaa katika hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Utawala umeshaandaa cheti, saa ya ukutani na keki. Sisi wa wodi ya upandikizaji tumepewa kurasa mbili za jarida hili tumwelezee, na kalamu nimesukumiwa mimi, muuguzi mkuu wa wodi, kwa kuwa kati ya waliobaki ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi.

Jina lake kamili mtalisoma kwenye cheti. Huku kwetu hakuna anayelitumia. Kuanzia walinzi wa getini hadi kwa mkurugenzi, wote humwita Daktari Kwani, kwa sababu hilo ndilo neno linalomtangulia mdomoni. Ukimwambia mashine imeharibika, atauliza, “Kwani ilikuwa inafanya nini ilipoharibika?” Ukimwambia chupa ya chai ni tupu, atauliza, “Kwani nani alimimina ya mwisho?” Swali hili la pili huwa tunalijibu kwa kumwangalia tu.

Alikuja hapa akiwa daktari wa wagonjwa wa nje. Wakati huo maabara ya damu ilikuwa chumba kimoja cha chini, kimepakana na dobi, na joto la pasi lilikuwa likipenya ukutani mwaka mzima. Mtaalamu wake alikwenda likizo ya uzazi, daktari huyu kijana akaombwa amshikie nafasi kwa miezi mitatu. Mama yule aliporudi kazini alimkuta mbadala wake ameinamia darubini, wala hakuinuka. Ikabidi itafutwe meza ya pili. Mtoto aliyezaliwa wakati wa likizo ile leo ni mwanasheria.

Kilichomnasa pale chini kinahitaji maelezo kidogo kwa wasomaji wa uhasibu na usafiri. Limfoma ni saratani ya seli nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kulinda mwili. Badala ya kulinda, zinazaana ovyo na kujazana kwenye tezi za shingo, kwapa na kifua. Dawa huwaponya wengi. Kwa wengine ugonjwa hurudi, na hapo ndipo wodi yetu inapoingia. Tunampa mgonjwa seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu yote mwilini, mara nyingi zikitoka kwa ndugu yake. Watu hudhani ni upasuaji mkubwa. Hakuna kisu. Seli zinaning’inizwa ndani ya mfuko mdogo na kuingia kwenye mshipa kama dripu yoyote. Kisha zinasafiri zenyewe, zinapita moyoni na mapafuni, zinazunguka, na mwishowe zinaingia ndani ya mifupa na kuanza kazi.

“Kwani nani anazionyesha njia?” aliuliza katika wiki yake ya kwanza.

Mkuu wa maabara alimjibu kwamba zinajua tu. Jibu hilo la “zinajua tu” lilimnyima raha kwa miaka minane. Alilifanyia utafiti, likampa shahada ya uzamivu, na mpaka leo anasema ameielewa nusu ya safari.

Nisije nikawafanya mkadhani ni mtu wa kutisha. Huyu ni mtu aliyewahi kuja kazini na kiatu cha kahawia mguu mmoja na cheusi mguu wa pili, na alipoambiwa, akakaa chini kufikiria ni kwa nini mguu wenyewe haukumwambia. Hata mume alimpata hapahapa. Lifti ya jengo la pili ilikwama, fundi akaja, na Daktari Kwani akasimama mlangoni akimuuliza lifti inajuaje kwamba imefika ghorofa inayotakiwa. Fundi alieleza mpaka akaishiwa maneno. Kesho yake alirudi, ingawa lifti ilikuwa nzima.

Lakini kama ni jambo moja la kumkumbuka nalo, kwangu mimi ni habari ya Refa.

Refa alikuwa mwamuzi mstaafu wa mpira wa miguu, mwenye umri wa miaka sitini na minne, mrefu, mgongo umenyooka kama fremu ya mlango. Limfoma yake ilikuwa imetibiwa mara mbili na imerudi mara mbili. Alikuja kwenye kliniki ya wodi yetu na mkewe, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa na ulimi mwepesi, wakijua kwamba kilichobaki ni upandikizaji. Wakati huo hospitali yetu ilikuwa na kanuni iliyobandikwa mlangoni mwa wodi: hakuna upandikizaji kwa mtu aliyezidi miaka hamsini na mitano.

Kanuni ile haikuwa ya kijinga. Njia tuliyoitumia ilianza kwa kumpa mgonjwa dawa kali mno za kusafisha uboho wote ndani ya mifupa, ndipo seli mpya ziingie. Vijana walitoka humo wakiwa hoi. Wazee wachache waliojaribiwa zamani, kabla ya kanuni, hawakutoka kabisa.

Daktari wa zamu alimsomea Refa kanuni. Mkewe akawaka. Alisema kwamba mume wake anakimbia kila asubuhi, kwamba wanaume wa miaka hamsini pale mtaani wanahema wakifunga kamba za viatu, na kwamba kama tatizo ni cheti cha kuzaliwa, basi watu wa siku zile waliandika tarehe kwa kukisia. Refa alimshika mkono. “Mama, tulia. Kanuni ni kanuni. Mimi mwenyewe nimewatoa watu uwanjani wakilia.”

Daktari Kwani alikuwa amekuja kuchukua sampuli tu. Sanduku lake la barafu likiwa mkononi, akasimama.

“Kwani wewe ulikuwa unajua kila kanuni imetoka wapi?” akamuuliza.

Refa alifikiri kwa uaminifu wote. “Hapana, daktari. Ila nilikuwa najua pa kuuliza.”

Nilikuwepo, na niliona jinsi sentensi ile ilivyomwingia. Aliweka sanduku chini, akaisoma ile karatasi ya mlangoni kana kwamba ilikuwa imebandikwa asubuhi ile, kisha akaniuliza ni nani aliyeipanga. Sikujua. Akamuuliza daktari wa zamu, hakujua. Wiki nzima aliuliza watu, na kila mmoja alimwambia ameikuta. Madaktari bingwa walimweleza vizuri sana kwa nini kanuni ni ya busara. Hakuna aliyemweleza kwa nini isiwe hamsini, au sitini na mbili.

Mwishowe akamkumbuka mtu ambaye huenda alikuwepo: yule profesa mzee aliyeanzisha wodi yetu, ambaye alikuwa ameshastaafu na anaishi nje kidogo ya mji na kuku wake. Daktari Kwani alinichukua tukaenda Jumamosi. Mzee alitukaribisha barazani akiwa na mabuti ya mpira na beseni la mahindi ya kuku. Alipoulizwa, alicheka kwanza, halafu uso ukabadilika.

“Binti, hiyo kanuni bado ipo?”

“Ipo, Mwalimu. Imebandikwa mlangoni.”

Akatusimulia. Mwaka wa kwanza wa wodi walikuwa na vyumba viwili tu vya kumtenga mgonjwa, na watu wa kusubiri wamejaa korido. Ilibidi mlango ufungwe mahali fulani. Walikaa watatu, wakaangalia waliokuwa wakisubiri, wakaona wakikata kwenye hamsini na mitano watabaki na idadi wanayoimudu. “Ilikuwa ni hesabu ya vyumba,” mzee akasema. “Hatukupima mwili wa mtu. Tulikubaliana tuipitie tena mwakani.”

Ilikuwa imepita miaka kumi na sita. Wodi ilikuwa na vyumba sita.

Kujua kanuni ilitoka wapi hakukutosha kumwokoa Refa, kwa sababu zile dawa kali zingemmaliza vilevile. Lakini katika ile miaka minane ya kufuatilia safari za seli, Daktari Kwani alikuwa ameona jambo. Wagonjwa waliopona kabisa mara nyingi hawakuwa wale tuliowamiminia dawa nyingi zaidi. Walikuwa wale ambao seli za ndugu zao, zikishatulia ndani ya mifupa, zilizitambua zile za saratani kuwa adui na kuzishambulia. Akajiuliza kama zile dawa kali zina ulazima. Je, ikiwa mgonjwa atapewa dawa laini, kiasi cha kuzifungulia seli mpya mlango tu, halafu kazi ya kupigana waachiwe wageni wenyewe? Kwingine duniani walikuwa wameanza kujaribu. Hapa kwetu hakuna aliyethubutu.

Jopo la upandikizaji lilimsikiliza muda mrefu. Mwenyekiti alikuwa daktari bingwa mwenye sauti nzito na moyo mwema. Yeye ndiye aliyekuwa amewahudumia wale wazee wa zamani, mmoja baada ya mwingine, na hakuwa amewasahau. Alimuuliza swali moja tu: “Akifa, utamwambia nini mkewe?”

“Nitamwambia ninachokijua na nisichokijua,” alijibu. “Na nitamwambia kabla.”

Walimruhusu huyo mmoja. Mwenyekiti aliweka wazi kwamba mambo yakiharibika, mjadala umefungwa kwa miaka mingi.

Basi akawaketisha watatu katika chumba changu cha wauguzi: Refa, mkewe, na mdogo wake Refa wa kike, ambaye vipimo vilionyesha seli zake zinaoana na za kaka yake. Dada huyu alikuwa na duka la miwani, mwanamke mtaratibu, msafi, mwenye woga mmoja mkubwa maishani, nao ni sindano. Daktari Kwani aliwaeleza kila kitu bila kuwafichia. Refa akataka kujua, katika watu kumi wa umri wake, wangapi wanavuka. Akamwambia kwamba kwa njia hii mpya hapa hajavuka hata mmoja kwa sababu hajajaribiwa hata mmoja. Huko kwingine, kama nusu wanamaliza mwaka.

Refa akamgeukia mdogo wake. Dada alikuwa amefumba macho tangu neno “sindano” lilipotajwa. Akasema, macho bado yamefumbwa, “Kaka, mimi nimekubali. Ila nisionyeshwe.”

Hakuonyeshwa. Siku zote za kuchomwa dawa ya kuzisukuma seli shina kutoka kwenye mifupa hadi kwenye damu, aligeuza uso ukutani, na mimi nikawa namsimulia mambo ya wodini. Siku ya kuzikusanya alilala kati ya mirija miwili. Damu inatoka mkono huu, mashine inachuja inazozitaka, nyingine inarudi mkono ule. Mkewe Refa alikaa kando yake mchana kutwa akimlisha biskuti. “Wifi,” alimwambia, “ugomvi wetu wote wa nyuma nimeufuta. Mpya tutaanza ukishatoka hapa.”

Mfuko ulipoletwa chumbani kwa Refa ulikuwa mdogo kuliko alivyotarajia, wa rangi ya nyanya iliyopondwa. Ukaisha taratibu. Akatazama mrija, akatutazama sisi. “Ni hivyo tu? Mbona hata mapumziko hayajafika?”

Wiki zilizofuata zilikuwa za homa na vidonda vya mdomo, na Refa alitoa kadi ya njano kwa kila muuguzi aliyemletea uji. Mimi nilipata mbili, yaani nyekundu, na kwa siku nzima akakataa kuongea nami. Lakini seli za dada zilifika zilikokuwa zinakwenda. Hesabu ya seli nyeupe ikaanza kupanda kidogokidogo, Refa akaanza kutembea koridoni, na mwezi wa pili akaruhusiwa kwenda nyumbani. Jopo likaanza kumsalimia Daktari Kwani kwa uchangamfu zaidi.

Kisha zikaja picha za mwezi wa tatu. Uvimbe wa shingoni ulikuwa palepale. Wa kifuani ulikuwa umeongezeka kidogo.

Nakumbuka chumba kile cha kusomea picha, feni inazunguka, karatasi zinapepea. Mwenyekiti hakumlaumu. Alisema kwa upole kwamba wamejaribu, na sasa afadhali mzee apewe dawa za kumpunguzia maumivu akae na familia yake. Wengi walikubali. Hata mimi nilikubali, moyoni.

Daktari Kwani aliendelea kuitazama picha. Akauliza, “Kwani zile seli za dada sasa hivi zinafanya nini?”

Ilibidi tukiri kwamba zilikuwa hazifanyi kitu, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliozizuia. Kila anayepokea seli za mtu mwingine hupewa dawa za kuzituliza, maana wageni hao wakichachamaa wanaweza kuushambulia mwili wote uliowakaribisha: ngozi, ini, matumbo. “Yaani tumemwita mlinzi nyumbani,” alisema, “halafu tukampa dawa ya usingizi.”

Alipendekeza dawa ya kutuliza ipunguzwe, hatua kwa hatua. Hatari yake kila mtu mle ndani aliijua. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Refa kumweleza, akaiweka wazi: seli zikiamka zinaweza kuua saratani, zinaweza kumuua yeye, zinaweza kufanya yote mawili. Mkewe, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu kabla ya swali, safari hii alimwangalia mumewe tu.

“Huyo anayeamka ni mdogo wangu,” Refa akasema hatimaye. “Namfahamu. Hana fujo. Mwamsheni.”

Dawa ikaanza kupunguzwa. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu viganja vikaanza kumwasha, upele mwekundu ukamtoka kifuani, mdomo ukauma. Daktari Kwani alikuwa akimwona kila siku, akimkagua ngozi, akipima ini, akiuliza maswali mpaka mkewe akasema kwamba hata wakati wa uchumba hakuwahi kumhoji mumewe kiasi hicho.

Asubuhi moja Refa alikuwa ananyoa ndevu. Wembe ulipita shingoni upande wa kushoto, mahali alipozoea kuuzungusha kwa tahadhari, ukapita moja kwa moja. Akagusa kwa kidole. Akamwita mkewe. Mama yule alimpapasa shingo yote kama anayetafuta hereni iliyodondoka kwenye zulia, hakupata kitu, akampigia wifi yake simu na kumwambia neno moja tu: “Njoo.” Walipofika wodini wote watatu, povu la sabuni lilikuwa bado sikioni mwa Refa. Nilipapasa na mimi. Shingo ilikuwa laini.

Daktari Kwani alipopapasa hakushangilia. Aliuliza viganja vilianza kuwasha siku gani, na upele ulitangulia au ulifuata. Akaandika majibu, akashukuru, akatoka. Nilimkuta koridoni, nyuma ya kabati la mashuka, amejifunika uso kwa shuka safi, mabega yanatikisika. Sikumuuliza kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hilo alikuwa bado analichunguza.

Picha za mwezi uliofuata zilithibitisha. Kifua kilikuwa safi.

Refa aliishi, na maisha yake mapya yakawa shamba la maswali. Damu yake sasa ilikuwa ya dada yake, mpaka kundi lake la damu lilikuwa limebadilika. Vipimo vya vinasaba vya damu vilisoma mwanamke. Mkewe alipoelezwa hilo alipiga makofi. “Kumbe siku zote hizi nalala na wifi!” Halafu Refa, ambaye alifuga paka maisha yake yote, akaanza kupiga chafya kila paka akipita. Daktari Kwani alimwita dada mtu upesi na kumuuliza. Ndiyo, paka walikuwa wakimtoa machozi tangu utotoni. Daktari Kwani alifurahi wiki nzima. Paka alihamia kwa jirani.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mgonjwa wetu wa pili aliyezidi umri, mama fundi cherehani wa miaka sitini na mmoja, alipata seli za kaka yake zinazooana vizuri, na vipimo vyake vyote vilikuwa safi kuliko vya Refa. Alifariki wiki ya saba. Seli ngeni zilimshambulia ini, hatukuweza kuzizuia. Daktari Kwani alikwenda kukaa na binti zake wawili katika chumba ambamo cherehani ilikuwa bado na kitambaa chini ya sindano. Binti mkubwa alimuuliza kama mama yao aliuawa na umri. Alimjibu kwamba hajui, na akaomba ruhusa ya kuchunguza sampuli zilizobaki.

“Sasa si mjue!” binti akamwambia kwa uchungu.

Maneno yale yalimkaa. Kwa mwaka na nusu alitafuta, na akapata. Ini la yule mama lilikuwa na makovu ya ugonjwa wa zamani, yaliyojificha, ambayo vipimo vyetu vya kawaida havikuyaona na ambayo yangekuwepo hata angekuwa na miaka thelathini. Alirudi kwa binti zake kuwaambia. Tangu hapo kila anayeingia wodini kwetu hupimwa ini kwa namna ile, kijana kwa mzee, na nakadiria wapo watu wengi wanaotembea mjini bila kujua kwamba wanadaiwa asante na fundi cherehani mmoja.

Ilichukua miaka mitano na wagonjwa arobaini kulishawishi jopo. Siku karatasi ilipobanduliwa mlangoni, mwenyekiti ndiye aliyeibandua, kwa kucha zake mwenyewe, kwa sababu gundi ilikuwa imekauka. Leo hatumuulizi mtu amezaliwa lini kabla hatujamtazama anavyotembea. Daktari Kwani hutembea naye koridoni hadi dirishani na kurudi, wanapiga soga, huku yeye akisikiliza pumzi. Mzee kuliko wote tuliowahi kumpandikiza alikuwa na miaka sabini na miwili. Aliporudi mara ya mwisho alilalamika kwamba wajukuu zake wanatembea polepole.

Refa alipata miaka kumi na miwili. Alifariki kwa kiharusi, ghafla, nyumbani kwake, wala limfoma haikuwa imerudi. Miezi michache baadaye dada yake alikuja maabara peke yake. Alikaa kwenye kiti kirefu chenye mguu mmoja mfupi, akashika pochi yake magotini. Alitaka kujua kitu ambacho aliona aibu kuwauliza watu wa nyumbani. Kaka yake alipozikwa, zile seli zilizokuwa zake, je, na yeye alizikwa kidogo?

Nilikuwepo, nikamwona Daktari Kwani akivuta kiti karibu naye. Alisema, “Dada yangu, zilizokuwa kwake zimekwenda naye. Kama ni wewe au si wewe, hilo sijui. Ninachoweza ni kukuonyesha ndugu zao.”

Na yule mwanamke, ambaye hakuwahi kutazama sindano maishani mwake, akanyoosha kidole. Macho hakuyafumba. Tone moja likawekwa kwenye kioo, likapakwa rangi, likakaushwa. Daktari Kwani alizungusha darubini mpaka picha ikakaa sawa, akampisha. Dada aliinamia pale kwa muda mrefu sana. Centrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli, iliyokuwa ikivuma ikamaliza zamu yake na kunyamaza.

“Kumbe ni wadogo hivi,” alisema.

Wakati wa kukabidhi ofisi umefika. Daktari Kwani anaacha maabara yenye vyumba vitano mbali kabisa na joto la dobi, watafiti kumi na mmoja aliowafundisha, na swali lake la miaka yote, kwa nini upele mdogo huja pamoja na kupona ilhali ule mkubwa huua, ambalo amelikabidhi rasmi kwa watafiti hao mbele ya mashahidi. Yeye anasema anakwenda kujifunza kuogelea. Tumesikia kwamba mwalimu wa bwawa ameshaulizwa kwa nini mifupa inazama na mtu anaelea, na ameomba muda wa kufikiri.

Kwa niaba ya wauguzi, madaktari, watu wa maabara, wa dobi, na wale waliotoka mlangoni kwetu kwa miguu yao wenyewe: asante. Asante kwa kusimama siku ile na sanduku la barafu mkononi wakati ungeweza kupita. Nenda ukapumzike, daktari wetu. Tunakuombea afya isiyo na miadi, usingizi usiokatizwa na simu, mumeo karibu, na kando yako watu wasiochoka kuulizwa. Na sisi huku, kila tutakapokuta karatasi imebandikwa mlangoni, tutajitahidi kuuliza ni nani aliyeiweka.